Maji Hayatibuki Yenyewe

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya kueleza mambo yaliyoharibika. Fujo, ghasia, vurugu, machafuko, msukosuko, mtafaruku, zahama, tafrani, kizaazaa, sokomoko, vurumai, patashika, purukushani, timbwili, kasheshe. Hapo hujagusa bahari na anga: dhoruba, tufani, gharika, kimbunga, chamchela. Wala hujagusa yale ya kutoona vizuri: ukungu, utusitusi, ghubari, vumbi, tope.

Mtu anaweza kuishia hapo akafurahia utajiri wa lugha. Mimi siwezi. Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na tasnifu yangu inahusu nchi ya kusini, Nachingwea na Ruangwa. Kila ninapoandika sentensi kuhusu mwaka 1905, 1947 au 1975, lazima nichague neno moja katika orodha hiyo. Nikishachagua, nimeshatoa hukumu kabla ushahidi haujasikilizwa.

Tuyapange kwanza kwa asili zao. Mengine tuliyapokea kutoka Kiarabu, na yalipofika yalikuwa na picha zake tayari. Tufani na gharika ni mafuriko. Dhoruba inatokana na kupiga: upepo unapiga kama mkono. Zahama ni msongamano wa watu, pale ambapo mtu hasukumwi na yeyote ila na wote. Fitina ni jaribu, kisha ikawa ugomvi wa kupandikizwa. Mtafaruku una kutengana ndani yake: watu waliokuwa pamoja wamefarakana.

Mengine tuliyaunda wenyewe, na hapa ndipo ninapotaka kukaa. Machafuko yametokana na kuchafuka. Vurugu imetokana na kuvuruga, yaani kukoroga. Msukosuko ni kusukwasukwa, kama maziwa kwenye kibuyu au jahazi kwenye mawimbi. Kutibua ni kuyakoroga maji mpaka tope la chini lipande juu; baadaye tukasema mipango imetibuka, nyongo imetibuka, shughuli imetibuliwa. Ukisikiliza vizuri, karibu siasa yetu yote ya hatari imezungumzwa kwa lugha ya mtu aliyeinama kwenye maji akitazama kama yanafaa kunywewa.

Jina la Marambo, huko Nachingwea, hunikumbusha malambo, yale mabwawa madogo ya kutega maji ya mvua. Bibi yangu aliishi huko na maji ya namna hiyo miaka mingi, na alikuwa na sheria zake. Hauingii na miguu. Hauchoti kwa pupa. Unainamisha kata juujuu, unajaza ndoo, ukifika nyumbani unaiacha ndoo ituame mpaka mashapo yakae chini. Yakikataa kutulia, unatwanga mbegu za mlonge, unakoroga, unafunika, unasubiri. Ule unga hukusanya uchafu na kuushusha. Akikuta lambo limegeuka rangi, hakuwa na swali la kifalsafa. Alisema: "Nani katibua?" Sikuwahi kumsikia akiuliza kwa nini yametibuka.

Tofauti hiyo kila aliyekaa darasa la Kiswahili sekondari anaijua kwa jina lake. Kuna kauli ya kutenda: mtoto ametibua maji. Kuna kauli ya kutendwa: maji yametibuliwa, na hata kama hatukumtaja mtoto, tunajua yupo mtu. Kisha kuna kauli ya kutendeka: maji yametibuka. Hapo hakuna mtoto. Kuna maji tu, na hali yao. Mitihani ilitufundisha kuunda kauli hizi. Haikutufundisha kuuliza nani ananufaika ikitumika hii badala ya ile.

Neno machafuko, angalieni, halikuzaliwa na chafua. Limezaliwa na chafuka. Mhusika ameshaondolewa kabla nomino haijaundwa. Linganisha na mapinduzi, ambalo limezaliwa na pindua: huwezi kulitamka bila kusikia kwamba kuna watu waliopindua. Mambo yakipinduka ni ajali ya lori. Yakipinduliwa ni Januari 1964.

Na sasa tuingie kwenye miaka.

Julai 1905, katika vilima vya Umatumbi, watu waling'oa pamba waliyolazimishwa kulima na serikali ya Kijerumani. Huko Ngarambe, Kinjikitile Ngwale alikuwa amegawa dawa ya maji iliyoaminiwa kuzigeuza risasi ziwe maji. Wajerumani walimnyonga Mohoro, tarehe 4 Agosti. Lakini habari zilishatangulia. Ndani ya mwezi huo vita vilikuwa vimefika Liwale na nchi ya Wamwera, misheni ya Wabenediktini ya Nyangao ilishambuliwa, na kusini yote, kutoka pwani ya Lindi hadi Ungoni, ikawa nchi ya vita.

Tuiiteje? Gavana aliyeizima, Gustav Adolf von Götzen, alitoa kitabu mwaka 1909 na jina lake likabeba neno la Kijerumani Aufstand, uasi. Uasi ni neno lenye ngazi: anayeasi yuko chini, anayeasiwa yuko juu na ana haki ya kutiiwa. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alizitungia habari zilezile utenzi, ambao Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliuchapisha mwaka 1957 kwa jina la Utenzi wa Vita vya Maji-Maji. Vita havina ngazi. Vina pande mbili, na kila upande una watu wake wa kuzika. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wa rika langu, walipotumwa vijijini kukusanya kumbukumbu za wazee, waliukuta ushahidi wa pande zote mbili ukiwa hai. Mwaka uliofuata Ebrahim Hussein akatoa tamthilia yake ya Kinjeketile. Neno vita likawa limeshinda, walau madarasani.

Ila ushindi huo ulikuwa wa jina la tukio tu. Ndani ya sentensi, kauli ya kutendeka iliendelea kutawala. Soma vitabu vyetu vya shule kuhusu kilichofuata baada ya mapigano. Njaa ilitokea. Idadi ya watu ilipungua. Pori liliongezeka. Mambo matatu makubwa, na hakuna aliyeyafanya.

Tunajua kwamba yalifanywa. Jeshi la Kijerumani lilichoma vijiji na maghala, likaharibu mazao shambani, likachukua chakula. Miongoni mwa maofisa wake walikuwapo walioandika wazi kwamba njaa ndiyo itakayowatiisha watu hawa, kwa kuwa mapigano peke yake hayatoshi. Takwimu za Wajerumani wenyewe zilitaja vifo 75,000; mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Risasi ina mpigaji, hata katika sarufi. Njaa ikiandikwa kwamba "ilitokea", inakuwa jirani wa ukame na nzige.

Angalia pia kinyume chake, maana hapa ndipo sarufi inapoacha kuwa sarufi. Serikali hiyohiyo ilipozungumzia upande wa pili, haikukosa watenda. Ilikuwa na waganga, wachochezi, waasi, majina kwa majina, na vitanzi kwa idadi yake. Huko Songea, tarehe 27 Februari 1906, ilinyonga watu 67 kwa siku moja. Kwa hiyo lugha ya kutaja mtenda ilikuwapo na iliwezekana. Ilitumika kwa upande mmoja. Wanyonge huchafua, kwa wenye nguvu, mambo huchafuka.

Miaka arobaini baadaye pori lile "lililoongezeka" lilipata mgeni. Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kupikia, na Frank Samuel, mkurugenzi wa United Africa Company, alipendekeza yalimwe mashamba makubwa ya karanga Afrika Mashariki. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka ukitafuta ardhi yenye watu wachache. Ukaiona kusini. Mpango uliotangazwa mwaka 1947 ulitaka ekari 3,210,000 zigawanywe katika vitalu vya ekari 30,000, na zaidi ya nusu ya vitalu hivyo vilipangiwa Jimbo la Kusini la Tanganyika, Nachingwea ikiwa makao yake. Ardhi iliyoonekana tupu ilikuwa tupu kwa sababu. Lakini sababu ilikuwa imeshaandikwa kwa kauli ya kutendeka, na kwa hiyo haikumzuia mtu yeyote.

Kilichofuata kinajulikana. Yaliletwa matrekta, mengine yaliyoundwa kutokana na vifaru vya Sherman vilivyobaki vitani. Ilijengwa reli, na bandari ya Mtwara, ili kupeleka baharini karanga ambazo hazikupatikana. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango, baada ya kuteketeza kiasi cha pauni milioni 36. Katika miaka ya mwanzo ya 1960 reli ilifungwa, na baadaye ikang'olewa.

Hapo niliposoma nilisimama kidogo. Karibu kila kitu kuhusu mradi wa karanga huandikwa kwa maneno ya hali: ulikwama, uliporomoka, ulivurugika. Lakini reli, katika vitabu na midomoni mwa watu, iling'olewa. Sijasikia mtu akisema iling'oka. Nadhani ni kwa sababu chuma ni kizito mno. Huwezi kumwambia mtu aliyekuwa akisikia treni kwamba mataruma yaliondoka yenyewe usiku. Vitu vyenye uzito huilazimisha lugha kuwa na adabu. Njaa, hofu na kusahauliwa havina uzito huo.

Sehemu inayonipa taabu zaidi haihusu wakoloni. Katikati ya miaka ya 1960 FRELIMO ilipewa nafasi Nachingwea, na kambi yake ya mafunzo ikawa moyo wa vita vya ukombozi wa Msumbiji. Samora Machel alifanya kazi hapo. Wapiganaji walipita hapo kwenda Niassa na Cabo Delgado. Kwa watu wa Nachingwea huu ni ukurasa wa heshima, na kwangu pia.

Tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane, rais wa FRELIMO, aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Makamu wake, Uria Simango, aliingizwa kwenye uongozi wa watu watatu pamoja na Machel na Marcelino dos Santos. Novemba mwaka huohuo Simango alitoa waraka mkali dhidi ya wenzake, aliouita Gloomy Situation in FRELIMO. Nimehangaika na neno hilo la kwanza. Ukisema hali ya giza, umezidisha. Ukisema hali ya huzuni, umeifanya ya moyoni tu. Naona utusitusi ndio unaokaribia: mwanga upo, lakini hautoshi kumtambua anayekuja. Ndani ya waraka, hata hivyo, Simango hakukaa katika utusitusi. Alitaja watu na kudai mauaji yamefanyika. Kichwa kilikuwa cha hali. Mwili ulikuwa wa watenda. Alifukuzwa.

Mwaka 1975, muda mfupi kabla ya uhuru wa Msumbiji wa tarehe 25 Juni, Simango alikuwa Nachingwea tena, safari hii mfungwa. Yeye na wengine, akiwamo Joana Simeão, walisimamishwa mbele ya umati kambini, na Simango alisoma ungamo refu. Baadaye waliuawa wakiwa kizuizini, bila kufikishwa mbele ya mahakama. Kwa miaka mingi familia zao hazikuambiwa ukweli.

Katika rasimu yangu ya kwanza niliandika kwamba walitoweka. Nilifikiri nimechagua neno la upole kwa ajili ya wafiwa. Lakini toweka ni kitenzi cha ajabu. Chafuka kina chafua, tibuka kina tibua, mwagika kina mwaga. Toweka hakina ndugu wa namna hiyo. Kimezaliwa bila mtenda. Ukitaka awepo, lazima umtengenezee nafasi kwa makusudi: walitoweshwa. Kompyuta yangu ilipigia neno hilo mstari mwekundu. Nililiacha.

Na sijui kama nina haki ya kuwashangaa wazee wetu kwa hili, maana sisi wenyewe tumeendelea. Januari 1984 Aboud Jumbe, Rais wa Zanzibar na Makamu wa Rais wa Muungano, alijiuzulu nyadhifa zake kwenye kikao cha Halmashauri Kuu ya CCM mjini Dodoma, kutokana na mzozo kuhusu muundo wa Muungano. Tukio hilo liliingia katika kumbukumbu za taifa kwa jina la kuchafuka kwa hali ya hewa ya kisiasa Zanzibar. Sidhani Kiswahili kimewahi kuunda kauli nzuri zaidi ya kumficha mtu. Kwanza chafuka badala ya chafua. Kisha hali, si jambo. Kisha hewa, ambayo haina mwenyewe. Mpaka leo tukitaka kusema kwamba kuna mtu alikasirishwa na mwingine akapoteza kazi, tunasema hali ya hewa ilichafuka, tunacheka, tunabadilisha mada.

Mei 2013 wananchi wa Mtwara walipopinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, magazeti yalisema vurugu za Mtwara. Neno lilikwishaamua: waliovuruga ni walio barabarani, na kabla yao maji yalikuwa maangavu. Kwamba kulikuwa na ahadi, matarajio, na swali la nani alitibua kwanza, hayo hayakutoshea katika herufi sita. Miaka mitano baadaye, Novemba 2018, baada ya wakulima wa korosho kukataa bei za mnadani, Rais Magufuli aliamuru serikali inunue kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likaingia kusomba mzigo. Mwaka uliofuata wapo waliokuwa bado wanasubiri fedha zao. Safari hii vyombo vya habari vilikuwa na neno jipya la kupendeza: sintofahamu. Lichambue taratibu. Si-nto-fahamu: mimi sitafahamu. Ni sentensi nzima ya nafsi ya kwanza iliyogeuzwa kuwa nomino. Mtu anakiri kwamba hataelewa, na kukiri huko kunakuwa jina la tatizo. Katika korosho kulikuwa na watu waliofahamu vizuri sana.

Nisije nikaeleweka kwamba nataka kuifuta kauli ya kutendeka. Tunaihitaji. Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi. Mei 2024 kilikuja Hidaya, na barabara ya Dar es Salaam kwenda kusini ikakatika maeneo ya Somanga. Bahari ilichafuka. Hapo ndipo mahali pake halali: hakuna mtoto aliyeingia na miguu katika Bahari ya Hindi. Mababu walioweka chafuka na chafua kando kwa kando hawakuwa wanatufundisha kuficha. Walikuwa wanatupa zana mbili, moja kwa ajili ya kimbunga na nyingine kwa ajili ya mtu, wakidhani tutajua kuzitofautisha. Na hata Somanga, unaweza kusema barabara ilikatika, kisha ukauliza kalavati lilijengwa na nani na kwa unene gani.

Kwa hiyo sasa nina kazi ndogo ambayo naifanya kila jioni kabla ya kufunga kompyuta. Napitia kurasa za siku hiyo nikitafuta vitenzi vinavyoishia na -ka. Sivifuti vyote. Kwa kila kimoja nauliza: hiki ni kimbunga, au ni mtu? Wakati mwingine ushahidi haunipi mtu, na kitenzi kinabaki. Mara nyingi mtu yupo, na nilikuwa nimempita kwa uvivu, au kwa heshima, au kwa sababu wote walionitangulia walimpita. Juzi nilifika kwenye sentensi ya sura ya pili iliyosema kwamba baada ya vita njaa ilitokea katika nchi ya Wamwera. Sasa inasema kwamba askari wa serikali ya Kijerumani walichoma maghala, na watu wakafa kwa njaa. Ni ndefu kidogo kuliko ya kwanza. Msimamizi wangu ameweka alama ya vema pembeni, bila maelezo.